Kupima densiti ya vitu vigumu kwa usahihi: dhahabu, mchanga wa madini, tofali, mbao na chumvi

Densiti ni uzito gawa kwa ujazo. Uzito hausumbui, hata mizani ndogo ya sonara inaupima vizuri. Kinachoharibu jibu ni ujazo. Chukua silinda ya kupimia ya mililita 100 yenye alama za mililita moja moja. Jicho zuri linakisia nusu ya alama, basi. Kipande cha shaba chenye ujazo wa sentimita za ujazo 10 kikipimwa humo hutoka na kosa la asilimia 5, na kosa hilo linatosha kukufanya usijue kama umeshika shaba njano (8.4 hadi 8.7), shaba nyekundu (8.96) au chuma (7.87).

Kwa hiyo hapa ujazo hatuusomi kwa macho. Tunaupima kwa mizani, kupitia uzito wa maji ambayo kitu kimeyasukuma kando. Namba zote za densiti humu ni gramu kwa sentimita moja ya ujazo, g/cm³.

Vifaa

Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha kwa kipande kikubwa kuliko kidole gumba. Kwa dhahabu utahitaji ya 0.001, na sababu yake utaiona kwenye hesabu chini. Tafuta pia glasi au bika ambayo kitu kitazama ndani yake bila kugusa ukuta, kipimajoto, na uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki. Uzi wa pamba wa kushonea haufai: unafyonza maji na kuyapandisha juu kama utambi wa taa, na namba inatambaa huku unaitazama. Mwisho ni kitu cha kuning'inizia uzi. Fito iliyolazwa juu ya matofali mawili inafanya kazi sawa na stendi ya maabara, mradi fito na matofali visiguse mizani.

Maji yawe ya mvua yaliyochujwa, au maji safi ya kuongezea betri ya gari. Soma chupa kabla ya kulipa: unataka maji, si asidi, na huwa zinakaa rafu moja. Maji ya kisima yenye chumvichumvi ni mazito kidogo. Gramu moja ya chumvi katika lita hupandisha densiti ya maji kwa karibu 0.0007.

Chemsha maji hayo dakika kumi kufukuza hewa iliyoyeyuka ndani. Kampala yatachemka kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu ya mwinuko, na hilo halina shida. Yafunike, yaache chumbani usiku kucha yalingane na joto la chumba. Ukiyatumia yakiwa baridi kutoka kwenye friji, yataanza kutoa vipovu juu ya kipande chako kadiri yanavyopata joto. Kipovu kimoja chenye kipenyo cha milimita 2 kina ujazo wa sentimita za ujazo 0.004. Kwenye tofali si kitu. Kwenye punje ya dhahabu ya gramu 6 ni kosa la asilimia moja na zaidi.

Joto la maji

Usiandike densiti ya maji kuwa 1 kwa mazoea ya shuleni. Tumia hizi:

nyuzi 15: 0.9991
nyuzi 20: 0.9982
nyuzi 22: 0.9978
nyuzi 24: 0.9973
nyuzi 26: 0.9968
nyuzi 28: 0.9962
nyuzi 30: 0.9957

Asubuhi ya baridi ya Kabale na mchana wa joto wa Gulu si maji yale yale. Pima joto ndani ya glasi yenyewe, si hewani.

Hatua za kupima kipande kisichofyonza maji

1. Weka mizani kwenye meza nzito, sawazisha kipovu cha levo, iwashe na uiache nusu saa. Zima feni, funga dirisha. Namba ya mwisho ikicheza kila boda boda inapopita nje, hamia chumba cha ndani au weka mizani sakafuni.

2. Osha kipande kwa sabuni, suuza, kausha kabisa. Mafuta ya mikono hushika vipovu.

3. Pima kikiwa kikavu. Andika. Tuite namba hii A.

4. Weka glasi yenye maji juu ya mizani. Tia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo ili maji yashike uso wa kipande bila kuacha hewa. Tone moja tu. Povu likitanda juu, mwaga uanze upya.

5. Funga kipande kwa uzi, kizamishe kwanza kwenye chombo kingine cha maji, kitikise, piga vipovu kwa brashi laini.

6. Bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, glasi ya maji ikiwa juu ya mizani.

7. Ning'iniza kipande ndani ya glasi kizame chote, kisiguse chini wala pembeni. Subiri namba itulie. Hii ni B, na ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa.

8. Sasa legeza uzi, kipande kikae chini ya glasi. Mizani isome A ile ile. Ikitofautiana kwa zaidi ya 0.02, kuna maji yamemwagika, au matone yaliyobebwa na kipande kutoka chombo cha kwanza yameongezeka, au mizani imehama. Rudia.

9. Rudia hatua ya 5 hadi ya 8 mara tatu, kila mara ukitoa kipande nje kabisa. Kukitikisa humo humo na kusoma tena si kurudia. Ni kusoma kipovu kile kile mara tatu.

Hatua ya 8 ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayokuambia kama jibu lako ni la kuaminika kabla hujagusa kikokotoo.

Hesabu ni: densiti = A ÷ B × densiti ya maji.

Tuseme boliti isiyojulikana kutoka kwa wauza chuma chakavu wa Katwe, Kampala: A ni 84.37, B ni 9.98, maji nyuzi 24. 84.37 ÷ 9.98 × 0.9973 = 8.43. Hiyo ni shaba njano. B ikiwa na wasiwasi wa 0.02, jibu lina wasiwasi wa sehemu 2 kwa 1,000, yaani 8.43 kuongeza au kupunguza 0.02. Usiandike 8.4311 kwa kuwa kikokotoo kimeitoa. Hizo tarakimu mbili za mwisho hukuzipima.

Ukitaka kwenda ndani zaidi, ondoa msukumo wa hewa. Hewa ya Kampala ina densiti ya karibu 0.00103, pungufu ya ile 0.0012 ya usawa wa bahari inayotajwa vitabuni. Fomula inakuwa: A ÷ B × (densiti ya maji − densiti ya hewa) + densiti ya hewa. Boliti yetu inashuka kutoka 8.431 hadi 8.423. Ni sehemu moja kwa elfu, haina haja mpaka mizani yako isome 0.001.

Kuhakiki mtambo mzima, tafuta gololi ya beringi ya inchi moja kwa fundi wa magari. Kipenyo chake ni milimita 25.40, hivyo ujazo ni 8.580. Kwenye maji ya nyuzi 24, B yake iwe 8.55 au 8.56, na densiti yake itoke 7.8. Ikitoka 7.5, tatizo ni lako, si la gololi: kuna hewa, au uzi unaburuta.

Mizani iliyotoka Ulaya

Mizani ya kielektroniki haipimi wingi wa kitu moja kwa moja. Inapima jinsi dunia inavyokivuta. Uganda imekaa juu ya ikweta na kwenye mwinuko, Kampala ikiwa karibu mita 1,200 juu ya bahari, na mvutano hapa ni 9.78 dhidi ya 9.81 kaskazini mwa Ulaya (mita kwa sekunde mraba). Mizani iliyorekebishwa kule ikaletwa bila kurekebishwa tena kwa jiwe la mizani itasoma pungufu karibu gramu 0.3 katika kila 100. Kwa anayeuza dhahabu hizo ni pesa, na ndiyo maana mizani ya biashara lazima ihakikiwe na UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Lakini densiti kwa njia hii haiguswi. A na B zimepungua kwa kiwango kile kile, ukizigawanya kosa linajifuta lenyewe. Sharti ni moja: mizani ile ile kwa vipimo vyote viwili. Ukipima A kwenye mizani ya duka na B kwenye ya nyumbani, umelirudisha kosa mlangoni.

Dhahabu

Dhahabu safi ni 19.3, fedha 10.5, shaba 8.96, risasi 11.34. Dhahabu ya karati 22 iliyochanganyika na fedha huwa karibu 18.0, iliyochanganyika na shaba, karibu 17.6. Ya machimboni, Busia au Mubende, kwa kawaida huja na fedha ndani yake tangu ardhini.

Hapa ndipo mizani ya 0.01 inapokuangusha. Kipande cha gramu 6.42 kikisoma B ya 0.36, densiti ni 17.8. Ila 0.36 inaweza kuwa 0.35 au 0.37 iliyoyumba. Kwa 0.35 unapata 18.3, kwa 0.37 unapata 17.3. Yaani kipande hicho hicho kinaweza kuwa chini kidogo ya karati 21 au kupita 22, na mnunuzi na muuzaji kila mmoja atachagua namba inayompendeza. Kwa mizani ya 0.001 wasiwasi huo unapungua mara kumi. Kama huna, kusanya vipande vya mzigo mmoja mpaka vifike gramu 50 au zaidi, uviweke kwenye kikapu kidogo cha waya mwembamba. Kikapu kizamishwe tupu kwanza, kwa kina kile kile, ndipo urudishe sifuri.

Dhahabu iliyonaswa kwa zebaki, kisha zebaki ikaunguzwa, usiipime ilivyo. Zebaki ikiondoka huacha matundu kama sifongo, hewa inajificha humo, na zebaki iliyobaki ndani ina densiti ya 13.5 tu. Utapata 14 au 15 na kumwita mwenzako mwizi bure. Lazima iyeyushwe kwanza kwa boraksi (unga wa kusaidia kuyeyusha na kukusanya uchafu) iwe donge moja, na kioo cha boraksi kinachong'ang'ania pembeni kigongwe kitoke. (Moshi wa zebaki ni sumu, kazi hiyo haifanywi jikoni wala karibu na watoto.) Donge lenye jiwe jeupe la kwatzi ndani nalo litadanganya kwenda chini, kwani kwatzi ni 2.65.

Kwenda juu mdanganyifu mkubwa ni mmoja, na ni hatari: tangsteni, 19.25. Kipande cha tangsteni kilichopakwa dhahabu kitapita kipimo hiki bila kutetereka. Densiti ndogo inathibitisha kwamba dhahabu si safi. Densiti kubwa haithibitishi kwamba ni dhahabu.

Mchanga na unga wa madini

Mchanga wa bati au wolframu (madini ya tangsteni) kutoka kusini-magharibi haufungiki kwa uzi. Unahitaji chupa ya densiti, ile ndogo ya kioo ya mililita 50 ambayo kizibo chake kina tundu jembamba katikati. Isipopatikana, chupa ndogo ya kioo yenye mdomo uliosagwa ukawa tambarare, na kipande cha kioo cha kuufunikia, vinafanya kazi. Maji yajae mpaka juu, kioo kiteleze bila kuacha kipovu chini yake.

Pima mara nne: chupa tupu kavu; chupa na mchanga mkavu; chupa, mchanga na maji mpaka juu; chupa na maji peke yake. Tuseme 28.412, 46.930, 93.840 na 78.120. Mchanga ni 18.518. Maji yaliyokosa nafasi ni 78.120 + 18.518 − 93.840 = 2.798. Densiti: 18.518 ÷ 2.798 × 0.9973 = 6.60.

Madini ya bati yaliyo safi ni 6.8 hadi 7.1. Tukichukua 6.9, na kama uchafu wote ni kwatzi, 6.60 ina maana uchafu ni kama asilimia 3 ya uzito. Lakini ukipitisha sumaku na ikanasa punje nyeusi, hesabu hiyo si halali tena, maana madini ya chuma ni mazito kuliko kwatzi na uchafu utakuwa mwingi kuliko unavyodhani.

Kosa la kawaida hapa ni hewa kati ya punje. Tia maji nusu, iweke chupa kwenye sufuria ya maji moto dakika 20 huku ukiizungusha polepole, iache ipoe kabisa mpaka joto la chumba, ndipo ujaze. Usiishike kwa kiganja wakati wa kujaza. Joto la mkono linapandisha maji kwenye tundu la kizibo, unayafuta, na maji ndani yanapopoa unabaki na pengo. Ishike shingoni kwa kitambaa.

Tofali na mawe yenye vitundu

Tofali lina densiti mbili: ya tofali zima pamoja na vitundu vyake, na ya udongo wenyewe. Anayeuliza "densiti ya tofali ni ngapi" aulizwe kwanza anataka ipi.

Vunja kipande cha gramu 400 hivi. Kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 saa 24, pima: 412.6. Kichemshe ndani ya maji saa mbili, kikiwa kimezama muda wote, kiache kipoe humo humo. Kining'inize ndani ya maji chini ya mizani yenye ndoano, au tumia njia ya glasi kwa ndoo ndogo kama mizani inabeba. Kwa ndoano tuseme kinasoma 253.1. Kitoe, kifute kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, pima haraka: 487.9. Kitambaa kikavu kitanyonya maji kutoka kwenye vitundu, na hilo linakupunguzia ujazo.

Ujazo mzima unatokana na 487.9 − 253.1 = 234.8. Densiti ya tofali zima ni 412.6 ÷ 234.8 × 0.9973 = 1.75. Densiti ya udongo ni 412.6 ÷ (412.6 − 253.1) × 0.9973 = 2.58. Maji yaliyojaza vitundu ni 487.9 − 412.6 = 75.3, hivyo vitundu ni 75.3 ÷ 234.8, asilimia 32. Na bila kazi ya ziada umepata kiasi cha maji kinachofyonzwa, 75.3 ÷ 412.6, asilimia 18.

Tofali bichi usilichemshe, litarudi kuwa matope. Hilo hupakwa nta, kama mbao.

Mbao

Mbao inaelea, kwa hiyo uzi hausaidii. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha sifuri, isukume mbao chini kwa sindano nyembamba mpaka uso wa juu uzame tu. Mizani inasoma uzito wa maji yaliyosukumwa, ule ule B. Kidole hakifai, nacho kinasukuma maji.

Ikaushe kwanza kwa nyuzi 103 mpaka vipimo viwili vilivyopishana kwa saa tatu vilingane. Mbao mbichi ni maji kwa sehemu kubwa na densiti yake haisemi lolote la maana. Halafu izamishe upesi kwenye nta ya mishumaa iliyoyeyuka ili isinywe maji. Mfano: mbao kavu 61.30, ikiwa na nta 63.05, B ni 101.50. Nta ni 1.75, na kwa densiti ya 0.90 inachukua ujazo wa 1.94. Ujazo wa mbao ni 101.50 ÷ 0.9973 − 1.94 = 99.83, densiti 0.61. Hiyo ni mvule ya kawaida, ambayo ikiwa kavu huangukia kati ya 0.55 na 0.75; musizi mara nyingi haufiki 0.5. Densiti ya nta yako ipime mwenyewe kwa sindano ile ile, maana mishumaa haifanani, na nta ya nyuki ni nzito zaidi, kama 0.96.

Vinavyoyeyuka

Bonge la chumvi ya Ziwa Katwe ukilitia majini utapima kitu kinachopungua. Tumia mafuta ya taa badala ya maji, mbali na moto. Densiti yake iko karibu na 0.80 ila hubadilika kwa mtungi na kwa joto, hivyo ipime siku hiyo hiyo kwa gololi ya beringi: B ya gololi kwenye mafuta gawa kwa B yake kwenye maji, zidisha kwa densiti ya maji. 6.87 ÷ 8.56 × 0.9973 = 0.800. Namba hiyo ndiyo unayoiweka mahali pa densiti ya maji kwenye fomula. Sabuni haihitajiki, mafuta ya taa yanashika uso vizuri yenyewe.

Chumvi safi ni 2.16. Ya ziwani, ikiwa na madini mengine na vitundu, itatofautiana bonge kwa bonge, kwa hiyo ivunje vipande vya ukubwa wa njegere na uipime kwenye chupa ya densiti kwa mafuta hayo hayo. Saruji nayo hupimwa hivyo: ya Portland isiyochanganywa ni 3.15 hivi, yenye pozolana (majivu ya volkano au unga wa namna hiyo) hushuka. Chupa iliyotumika na saruji ioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa kabisa kabla haijaguswa na tone la maji, la sivyo utakuwa umeijengea sakafu.